Filamu ya Kula kwa Mkono wa Kulia

Jumatatu, 9 Juni 1997
Nimeamua! Kaltun, msaidizi wangu katika darasa la watoto wenye shida ya kujifunza, amewashika mikono wiki tatu akiwafundisha kujilisha. Polepole mno. Ijumaa Mkaguzi Korane anakuja kuona kama watoto wetu kumi na mmoja wanaweza kula wenyewe. Wasipoweza, darasa linafungwa. Watoto watarudi kukaa nyumbani, nami nitahamishiwa mbali, Modogashe. Lakini nilisikia kwenye semina kwamba mtoto akitazama jambo kwenye video mara nyingi, ataliiga. Jama, mpiga video wa harusi, ataniazima kamera na televisheni. Nyota wa filamu? Mimi.

Jumanne, 10 Juni
Nimevaa suti. Jasho chapachapa! Nimeketi nikiikabili kamera, nikanawa, nikasema bismillahi, nikamega anjera, chapati yetu laini, kwa mkono wa kulia. Mara sita, maana uso haukutoka vizuri. Kaltun aliuliza kwa nini nisiipe kamera mgongo, ili watoto na mimi tutazame kule kule. Wivu tu.

Jumatano, 11 Juni
Watoto waliitazama filamu mara nne. Tukaleta anjera. Wote wakala wenyewe! Hata Weris, miaka tisa, ambaye hulishwa na nyanya yake. Wote kwa mkono wa kushoto.
Kumi na mmoja! Na mama yake Weris, Ardo, muuza maziwa ya ngamia, alikuwa mlangoni.
“Mwalimu,” akasema, “mtoto yangu alikuwa hajui kula. Sasa anajua, na mkono mbaya.”
Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikailaumu televisheni. Kaltun akasema haina kosa: nilikaa nikiwakabili, mkono wangu wa kulia ukawa upande wao wa kushoto, wakaiga upande waliouona. Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Eti alisema.

Alhamisi, 12 Juni
Kaltun ameketi na sahani. Mimi nyuma yake, kamera juu ya bega lake. Inaonekana mikono na anjera tu. Filamu gani haina uso?
Watoto wametazama asubuhi nzima. Weris akanyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani, akaangalia televisheni, akaurudisha. Akatoa wa kulia. Nakiri machozi yalinitoka. Nimemwambia Kaltun ni vumbi.

Ijumaa, 13 Juni
Korane alifika mapema, kabla ya sala. Watoto tisa walikula kwa mkono wa kulia, wawili walichanganya. Weris alimega kipande, akamkaribisha mkaguzi. Mzee akakipokea, akala, akafunga faili. Darasa linabaki! Alhamdulillahi. Nimepumua kama mtu aliyetua gunia la sukari. Ardo ameleta maziwa, akampa Kaltun. Labda hakuniona.

Jumamosi, 14 Juni
Korane anataka kanda nyingine, ya kupelekwa hadi shule za Balambala. Kaltun amejitolea bega lake tena. Nimekataa kwa upole. Nimewaza sana, na ukweli ni huu: watoto walifaulu kwa sababu uso wangu ulikuwa umeshawaingia tangu Jumatano. Jama ataweka kamera mbele yangu, karibu kabisa. Somo ni kusalimiana kwa mkono wa kulia.