Mama Mzinga Hachakachui Asali

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeamua. Upendo wangu anakwenda Dar es Salaam. Imekwisha hiyo.

Maelezo yenyewe nayaandika nisije nikasahau. Jumamosi hapa Kashaulili, ukumbini, kuna mashindano ya vibonzo. Vile vya mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Mgeni anatoka kwenye jarida la Dar. Anachukua mchoraji mmoja. Mmoja tu! Miezi sita anafundishwa kazi, na hadithi yake inachapwa. Upendo asipochukuliwa, kaka yangu kule Mishamo ameshamwekea kiti kwenye duka lake la vipuri vya baiskeli. Vidole vile vikauze spoku? Labda niwe nimekufa.

Ana miaka kumi na tisa na anachora kuliko mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Ikola. Sisemi kwa sababu ni mwanangu. Nasema kwa sababu nina macho.

Jioni nikamwambia anionyeshe huyo shujaa wake. Akagoma. Nikamwambia mimi ni mama yake, si polisi. Akasema polisi angemwonyesha.

Sawa. Tutaona.

Jumanne, 10 Juni

Nimeona. Upendo alikwenda kuteka maji, na kurasa zilikuwa chini ya godoro, yaani ni kama amenipa mwenyewe.

Mungu wangu!

Shujaa anaitwa Mama Mzinga. Mwanamke mnene, anauza asali sokoni. Akipiga mluzi, nyuki wanamfuata kama jeshi. Hapo nilifurahi, maana na mimi nauza asali sokoni, nikasema mtoto ameheshimu kazi ya nyumbani. Nikafunua ukurasa wa pili. Anachemsha sukari na maji, anamimina kwenye asali! Shujaa! Anachakachua!

Ukurasa wa tano anamvamia tajiri anayewanyonya wakulima kwa lumbesa, magunia ya mahindi yamejazwa mpaka yamevaa kilemba. Safi. Nyuki wanamkimbiza tajiri mpaka anatumbukia kwenye dimbwi la viboko. Safi sana. Anamnyang'anya magunia kumi ya dhuluma awarudishie wenyewe. Anarudisha tisa. La kumi anakwenda nalo kwake!

Nimekaa kitandani, kurasa mapajani. Mtoto nimemlea kwenye sala za jumuiya, kila wiki hakosi. Kamtoa wapi mwanamke wa namna hii?

(Mimi huwa natia sukari kidogo kwenye asali. Hiyo si kuchakachua. Asali anayoleta Baba Upendo kutoka porini ni nzito mno, watu wa mjini itawakaba. Nawaonea huruma tu.)

Jumatano, 11 Juni

Verdiana anauza dagaa, meza yake na yangu zinagusana. Mwanaye Innocent naye anashindana. Leo kanionyesha kurasa za Innocent bila kuombwa. Shujaa wao ni Kapteni Mwanga. Suti nyeupe, mabawa, hadanganyi, hatukani, hata jasho halimtoki. Ukurasa wa nane anamvusha bibi kizee barabara, kisha anakwenda kumsalimia mtendaji wa kata.

Verdiana akapaza sauti soko zima lisikie, eti Mama Upendo, na wa kwenu ana wema gani? Nikasema anasali mno. Akasema basi Jumamosi tutayasikia hayo maombi, shoga yangu. Akanipa dagaa mmoja nionje, kama anayelisha paka.

Nikajua tumekwisha. Nani ataacha malaika achukue mwizi?

Saa nane Upendo akaja na bahasha. Akasema mwisho wa kupokea ni saa kumi, na yeye moyo unamwenda mbio akiuona tu ule ukumbi, nimpelekee. Akaniapisha nisifungue. Nikaapa. Kufika stesheneri bahasha ikafunguka yenyewe. Niliivuta kidogo tu.

Nikanunua kichupa cha wino mweupe wa kufutia na kalamu nyeusi. Kazi ya saa moja. Sufuria ya sukari nimeifuta, nimeweka msalaba. Gunia la kumi nimelifuta, ila mkono wa Mama Mzinga nao umeondoka nalo. Pale anapomwambia tajiri nimekuja kukunyang'anya, nimeandika nimekuja kukusalimia. Kichwani nimemzungushia duara la utakatifu. Limetoka kama chapati, lakini mwenye imani ataelewa. Mimi ni darasa la saba, kuchora sikusomea. Sasa naona kipaji mtoto kakitoa upande gani.

Nimekabidhi saa kumi kasoro. Nimerudi nyumbani natembea kama bi harusi.

Ijumaa, 13 Juni

Balaa!

Mwalimu Apolinari, yule mstaafu, ndiye jaji wa hapa kwetu. Leo kaja mezani kununua asali. Nikamjazia mpaka ikamwagika. Nikamwambia shujaa wa Upendo ni mtakatifu mtupu. Akashtuka. Akasema mama, naomba isiwe hivyo.

Kumbe mwezi uliopita Upendo alimwonyesha michoro ya penseli! Mwalimu akasema mashujaa wasio na doa amewasoma mpaka wamemchosha. Ukurasa wa kwanza tu unajua watashinda, unafunga kitabu unakwenda kula. Lakini huyu wa gunia la kumi alilala anamwaza. Atalirudisha? Hatalirudisha? Wale wakulima wamshukuru au wamshitaki? Akasema ukurasa wa sukari ndio atakaoupigania mbele ya mgeni. Bila ule, yule mama ni sanamu.

Kisha akaonja asali kwa kidole. Akanitazama. Akatabasamu, akaenda zake. Sijui kilimfurahisha nini.

Verdiana akauliza mbona nimepauka kama dagaa wa juzi, nani kafa? Nikasema mtu hawezi hata kupumzika.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Upendo alitoa kopi ya kurasa zote kabla ya kunipa. Ziko kwenye sanduku lake. Kesho naziweka mahali pa zile nilizozirekebisha kabla majaji hawajafika hapo. Nani atanizuia? Mama wa mtu!

Jumamosi, 14 Juni

Nimefika ukumbini kopi nimezifunga tumboni kwa kanga. Watu tele. Kurasa zimetundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Za Upendo mwisho kabisa. Mgeni, dada Jeniffer, mwenye miwani na sauti ya upole, alikuwa anatembea na Mwalimu kutoka mwanzo wa kamba. Bado wachoraji watatu wafike kwetu. Upendo alikuwa nje, anaogopa kuingia.

Lazima watu watoke. Nikapiga yowe. Nyuki! Nyuki jamani!

Hapo ndipo hesabu yangu ilipokataa. Sisi watu wa huku tumekua na mizinga. Toka utotoni tunafundishwa, ukisikia nyuki usikimbie, lala kifudifudi, funika kichwa, tulia kama gogo. Ukumbi mzima ukalala chini! Hakutoka hata mmoja. Ila dada Jeniffer. Yeye ni wa Dar, alikimbia mpaka barabarani.

Nikaanza kuwaruka. Nikamkanyaga katekista Erasmus vidole, akalia Yesu wangu, wameniuma. Nikafika kwenye kamba. Nabandua, nabana. Nabandua, nabana. Ukurasa wa tatu nikasikia sauti ya Verdiana kutoka chini ya kitenge. Mama Upendo, hao nyuki wa siku hizi wanaanua nguo?

Watu wakainuka mmoja mmoja. Mimi nimesimama, vibanio mdomoni. Upendo akaingia. Akatazama kamba. Akaona msalaba. Akaona chapati. Akaona ule mkono usiokuwepo. Hakulia. Afadhali angelia. Akasema mama, uliapa.

Nikasema nilikuwa nakusaidia. Akasema najua, wewe siku zote unasaidia.

Mwalimu akasema, macho chini, kanuni ni kanuni. Zinaamuliwa kurasa zilizopokelewa Jumatano, na zile zina mikono miwili ndani yake. Nafasi amechukua Innocent na Kapteni Mwanga wake. Verdiana hakupiga hata kigelegele, hilo nampa. Alikuja akanishika bega akasema pole, jambazi wangu.

Dada Jeniffer alirudi anahema, anauliza kama nyuki wameondoka. Akaomba kopi. Akazisoma amesimama, mpaka mwisho. Akamuuliza Upendo, huyu mwanamke umemtoa wapi? Upendo akanitazama, akasema nimekua naye nyumbani.

Nadhani alimaanisha ile picha ya Bikira Maria sebuleni. Mtoto alikuwa amechanganyikiwa.

Basi dada Jeniffer akasema nafasi imekwenda, lakini Upendo amtumie hadithi mpya kabla ya mwisho wa mwezi. Ikiwa na uzito kama huu, atapigania nafasi ya pili. Kwa sharti moja, isipitie kwa mama. Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka.

Jumatano, 25 Juni

Siku kumi na moja Upendo ananijibu ndiyo mama, hapana mama, basi. Hadithi mpya amekwenda kuichorea kwa Verdiana. Kwa Verdiana! Baba Upendo kasema safari hii nikigusa hata kona ya karatasi, mtoto atakwenda Mishamo kwa miguu na hatarudi, na yeye atamsindikiza. Nikamwahidi. Nikamwahidi na Upendo, mkono juu ya rozari. Kwa moyo wangu wote, Mungu ananiona.

Bahasha iko mezani kwa Verdiana, inaondoka na basi la kesho. Leo saa sita akaitwa stendi kupokea dagaa wake kutoka Ikola. Akasema Mama Upendo, niangalizie meza. Nikasema nenda salama. Sasa, mtu huwezi kuangalia kitu bila kujua kilichomo. Nikakagua.

Jamani, mwanangu anajua. Mama Mzinga amemkosea binti yake. Ukurasa wa mwisho amekaa chini nje ya mlango wa binti, mlango umefungwa, barakoa yake ya ushujaa iko mapajani, nyuki wamemlalia mabegani kama wameishiwa nguvu. Na mdomoni kwake kile kiputo cha maneno. Kitupu! Hakuna neno hata moja. Upendo kasahau. Au kalitafuta kakosa. Kazi isafiri mpaka Dar haijakamilika, watu wamwone mwanangu mvivu?

Nilikaa nao ukurasa ule. Macho yakaniwasha, dagaa wana vumbi sana. Kalamu nilikuwa nayo, bahati tu. Nikaandika pale, nikiiga mwandiko wa Upendo, mwanangu, umekula?

Nikafunga kwa gundi. Hakuna atakayejua.

Na Mama Mzinga kiuno nimempunguza kidogo. Upande mmoja. Wa pili sikuwahi, Verdiana alikuwa anarudi.