Rizista Pacha za Wangeci

Jumatatu, 5 Machi 2007
Bosi wetu, Bwana Taranjit, ametangaza. Ijumaa wageni watakuja kuona mashine yetu inayotafuta mahali nyaya za simu zilipokatika ardhini. Kisha atateua fundi mkuu: mimi au fundi mwenzangu Wangeci. Amplifaya, sehemu inayokuza ishara, ni kazi ya Wangeci. Ina miguu miwili, mmoja ukipanda mwingine hushuka, na chipu hugeuza tofauti yao kuwa namba. Rizista mbili pacha, zenye ukinzani sawa, hushikilia katikati ya miguu hiyo ibaki volti moja na nusu. Wangeci alipoenda kula, nikazing'oa. Ijumaa mashine itagoma, nizirudishe mbele ya wageni. Ukuu wangu huo.

Jumanne, 6
Nimepima kati ya miguu: sifuri. Safi. Nikapima mmoja mmoja: yote imepanda pamoja, karibu volti tano! Chipu haivumilii zaidi ya tatu, na tuna moja tu. Nimezima mara moja, nizirudishe leo leo. Rizista ziko mfuko wa shati. Shati dada yangu Becky amelifua. Nimepekua kwa kijiti mtaro wote wa maji machafu mtaani kwetu Kabiria. Jirani ameuliza kama nimepoteza jino.

Jumatano, 7
Nimenunua nyingine mjini, Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Muuzaji ameapa ni pacha. Nimezichomelea kwa siri. Volti moja na nusu kila mguu. Nimeimba hadi Wangeci akauliza kama nimeokoka.

Alhamisi, 8
Wageni wanataka jaribio la kweli, nje huko Kinoo. Haron, mchimbaji wetu, atachimba pale mashine itakaposema. Nimeijaribu peke yangu. Waya wa mita ishirini, imesema thelathini na tano. Mashine ikitulia ni sawa. Ishara ikipita, volti ya katikati inayumba. Pacha gani hawa wasiolingana? Nimeirudisha mezani kama nilivyoikuta. Huenda kesho ikajirekebisha.

Ijumaa, 9
Kinoo. Mashine imesema mita hamsini. Hapo pana kijiwe cha alama ya waya wa umeme uliofukiwa, nyasi zimekifunika. Nimekiona mimi tu. Haron akainua sururu. Nikangoja mwingine akione. Hakuna.
"Haron, wacha. Usichimbe hapo."
Wote wakageuka. Wangeci akaniuliza polepole, "Nthiwa, umegusa nini kwa hiyo mashine?"
Nikasema yote. Hata shati.
Hakunifokea. Alitoa pacha halisi za akiba mkobani, akazichomelea juu ya boneti ya pikapu. Sasa mashine ikasema mita thelathini. Haron akachimba, waya uliokatika huo hapo. Wangeci ndiye fundi mkuu. Mimi nitafagia mwezi mzima. Haron alinishika mkono. Wake ulikuwa baridi kuliko wangu.

Jumamosi, 10
Nimefagia na kufikiri. Nani aliokoa maisha jana? Mimi. Karakana inahitaji msimamizi wa usalama, na nitamwandikia Bosi barua. Ila lazima kwanza aone hatari kwa macho yake. Jumatatu nitalegeza waya wa ardhi wa birika la umeme la chai, ule unaozuia shoti. Kidogo tu. Mimi hunywa soda.