Nguruwe wa Kipaimara na Kioo cha Pili

Jumatatu, 7 Julai 2025

Baridi. Wateja wawili tangu asubuhi. Mmoja alikuja kuuliza njia ya kwenda kwa Herieth. Nikamwelekeza kinyume.

Herieth ana steshenari ng'ambo ya barabara. Kila alichonacho ninacho, isipokuwa kioo cha pili cha kompyuta. Yeye anachapa ndani, mteja anaangalia dirishani, anasema hapo rekebisha, kisha anaondoka anatabasamu. Wateja wangu wanaiona kazi ikiwa imeshatoka kwenye printa. Ndiyo maana mwezi uliopita kadi moja ya harusi ilitoka na picha ya bwana harusi wa watu wengine. Kosa moja tu, na Mbinga nzima inalikumbuka.

Mchana Wilfred amenipigia kutoka Kitai. Ana kompyuta ya zamani ya mezani, ile ambayo kioo na mashine ni mwili mmoja. Kasema mashine imechoka ila kioo bado kijana. Naunganisha na laptopu yangu, nawasha, Herieth analia. Nimemuuliza anataka shilingi ngapi. Kasema hataki fedha, anataka nguruwe.

Mimi sina nguruwe. Mke wangu Ottilia ndiye mwenye nguruwe. Amemlisha mwaka mzima kwa ajili ya kipaimara cha binti yetu Jacqueline, Jumapili ya tarehe 20. Wageni wameshaalikwa.

Nimemwambia Wilfred haiwezekani. Kisha nimemuuliza anaweza kuja saa ngapi.

Jumanne, 8 Julai

Ottilia ameenda Litembo kumsaidia baba yake kuchuma kahawa. Saa tatu Wilfred kafika na pikipiki ya matairi matatu. Nguruwe alipanda mwenyewe bila kusukumwa, kwa hiyo naona naye aliridhia.

Mpango uko hivi. Kioo kinaleta wateja, wateja wanaleta nguruwe mkubwa zaidi kabla ya tarehe 20. Siku kumi na mbili! Mungu aliumba dunia kwa sita.

Jioni Ottilia kakuta banda tupu. Nimemwambia nguruwe kavunja mlango, kakimbilia kwenye mashamba ya kahawa. Nikakumbuka mlango ni mzima. Nikatangulia na tochi, nikauvunja, nikamwita aje aone.

Jacqueline amelia. Ana miaka kumi na nne, na kila akitoka shule alikuwa akimkatia nguruwe majani. Sikupenda kumwona vile. Nikaenda dukani kukiangalia kioo, nikapata nafuu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimenunua waya. Ncha moja kwenye laptopu, nyingine kwenye kioo. Hakuna kitu. Nimechomoa, nimechomeka. Nimeugeuza waya, labda picha ilikuwa inapanda mlima. Kioo kinaonyesha picha ya maua aliyoacha mwenyewe wa zamani, basi.

Mwalimu Devotha kapita kunisalimu. Anafundisha kompyuta sekondari, na ndiye msimamizi wa Jacqueline kwenye kipaimara. Kaangalia tundu la waya, kacheka kwa adabu. Kasema tundu lile linatoa picha, halipokei. La laptopu nalo linatoa. Nimeunganisha midomo miwili, sikio hakuna.

Wilfred hakusema habari za masikio.

Mwalimu kaahidi kurudi Jumatatu, ipo njia nyingine. Akiwa mlangoni kauliza kama nguruwe amepatikana. Anauliza kwa haki yake, maana kwetu mguu wa nyuma ni wa msimamizi. Nimemjibu tunamtafuta usiku na mchana.

Jumamosi, 12 Julai

Siku mbaya. Baada ya sala ya jumuiya, mwenyekiti wetu Romanus kasimama, kasema mzigo wa mwenzetu ni mzigo wetu. Kaagiza jumuiya nzima ikamtafute nguruwe. Watu ishirini na wawili! Wakamwomba Mtakatifu Antoni, mwombezi wa vitu vilivyopotea, kisha wakaniweka mbele kwa kuwa mimi ndiye niliyemwona akikimbia.

Nimewaongoza bondeni. Nimewapandisha. Nimewashusha tena. Nikaona nikikaa kimya watanishuku, nikawaonyesha nyayo. Romanus kainama, kasema hizo ni za mbuzi. Nikamwambia nguruwe wetu anatembea kwa maringo.

Saa kumi Ottilia katumbukia kwenye shimo la ngolo, haya mashimo tunayochimba mashambani kwenye miteremko. Kifundo cha mguu kikavimba. Nimembeba mgongoni hadi barabarani, naye njia nzima ananishukuru, ananiambia nisijilaumu. Mgongo unauma. Zile shukrani zinauma zaidi. Nusura nimwambie ukweli pale kwenye daraja, lakini alikuwa amenishika shingo.

Tumerudi tukakuta Herieth kachapa matangazo ya nguruwe aliyepotea. Ya rangi, bure, na picha aliyopewa na Jacqueline. Moja kalibandika kwenye mlango wa duka langu. Ni zuri. Nalichukia.

Jumatatu, 14 Julai

Kimewaka!

Mwalimu Devotha ametimiza ahadi. Waya kautupa pembeni. Kaingia kwenye mipangilio, hapa kabonyeza ruhusu, pale kabonyeza unganisha, na ile mashine sasa inapokea picha kwa waifai. Chochote kilicho kwenye laptopu yangu kinatokea kule. Inachelewa kidogo, kama mzee anayesikiliza kwanza ndipo ajibu, lakini inajibu.

Tumekiweka dirishani, uso nje, mgongo kwangu. Mwalimu kanionya mara mbili. Kasema kila ninachofungua watu wa nje wanakiona, kwa hiyo nikitaka kufanya mambo yangu binafsi nikate kwanza mawasiliano. Nimemwambia Mwalimu, mimi na kompyuta hatukukutana jana.

Kazi ya kwanza ya kioo: Ottilia kaja anachechemea, kaomba tuweke tangazo la nguruwe, lionekane kubwa. Nimeliweka. Wapita njia wanasimama. Siku nzima nguruwe yule amewaangalia watu kutoka kwenye kitu alichobadilishwa nacho. Sikula vizuri.

Jumatano, 16 Julai

Saa nne asubuhi. Dirisha limejaa! Watu saba, Romanus mbele yao. Hawajaleta kazi bado, wanaangalia tu. Nami nimefungua shajara hii hapa kwenye laptopu, nimeisoma tangu mwanzo, polepole, ukurasa kwa ukurasa. Ile ya Mungu na siku sita ni nzuri. Nimeirudia.

Nje kimya kabisa. Kioo kimewateka.

Kumbe Romanus ana masikio makubwa hivi. Jua linapita ndani yake.

Romanus kashika masikio yake. Baridi, nadhani.

Watu sasa ni kumi na tano. Kwa Herieth hakuna hata mmoja. Herieth mwenyewe kavuka barabara, kaacha duka wazi! Anasoma, anacheka hadi kaegemea ukuta. Wivu huanza hivyo.

Mwalimu Devotha naye yupo. Ananionyeshea kioo kwa kidole, anatikisa kichwa. Nimempungia mkono, anastahili sifa zake.

Mwalimu kajipiga paji la uso.

Ottilia anakuja. Watu wanampisha hadi mbele, hakuna anayemwangalia usoni. Anasoma. Hacheki. Sasa anasoma nini pale? Tangazo la nguruwe nilishaliondoa, hapo hakuna kitu isipokuwa hiki ninachoandi

Jumapili, 20 Julai

Kipaimara kimefanyika. Nitaandika kwa ufupi, vidole vinauma.

Alhamisi Ottilia alipanda basi kwenda Kitai na kifundo chake, Romanus kambebea ile mashine. Walitaka kurudisha kitu na kuchukua kitu. Wilfred kawapokea vizuri, kawapa maji, kawaambia nguruwe ameshaliwa kwenye harusi ya mdogo wake. Wakarudi na mashine. Tangu hapo Ottilia anaongea nami kupitia kwa Jacqueline, hata tukiwa watu watatu mezani.

Jumuiya ikakaa bila mimi. Ikaamua kila nyumba ilete kuku, binti asiaibike kwa makosa ya baba. Na kwamba kuku wote nitawanyonyoa mimi, peke yangu, nyuma ya nyumba. Kuku kumi na tisa. Wa Herieth alikuwa jogoo mkubwa kuliko wote. Kanikabidhi akiwa hai na akiwa na hasira.

Ngoma zilikuwa mbele, mimi nyuma na manyoya. Jacqueline kaja na gauni lake jeupe, kasimama mbali kidogo asichafuke, kaniletea sahani ya wali. Kaniambia wateja wasingekimbia kama ningekuwa naziangalia picha kabla ya kuchapa. Kisha kasema nguruwe alikuwa akimjua kwa sauti. Nimemwomba radhi, na nilikuwa namaanisha. Nimelia mbele ya mwanangu, kisu mkononi. Nililia hadi kuku wa kumi na sita.

Mwalimu Devotha kapewa mapaja sita ya kuku badala ya mguu wa nguruwe. Kashukuru. Kahesabu.

Babu yake Jacqueline kamletea mjukuu zawadi kutoka Litembo. Mbuzi jike, ana mimba. Yuko bandani. Mlango nimeutengeneza mwenyewe.

Jumatatu, 21 Julai

Nimejifunza. Mtu akikosea lazima akubali: shajara haiandikwi kwenye laptopu. Kuanzia leo ni daftari na kalamu, wala daftari halina waifai.

Wilfred amepiga simu. Anaona aibu kwa yaliyotokea, anataka kunifuta machozi. Ana kompyuta nyingine ya namna ile ile, lakini hii tundu lake linapokea, kaapa kwa mama yake. Waya tu, hakuna mipangilio. Anataka mbuzi. Nimemwambia mbuzi mwenyewe ana mimba, kwa hiyo ni wawili, aongeze na kipaza sauti. Kakubali haraka. Anaogopa nisije nikabadili mawazo.

Kesho alfajiri natoka na mbuzi. Nimemwambia Ottilia nakwenda Songea kununua wino, naye kupitia kwa Jacqueline kasema atafungua duka. Nikirudi mlango wa banda utakuwa umevunjika. Safari hii nitauvunja mapema.

Daftari hili sirudi nalo nyumbani, Ottilia siku hizi anapekua hadi soksi. Nimepata mahali. Naliacha wazi hapa hapa kwenye ukurasa huu, wino ukauke, naligeuza kifudifudi juu ya kioo cha mashine ya fotokopi, nafunika kifuniko. Nani atafikiria kuangalia pale?

Na dunia ina haki yake. Mashine ya Herieth imekufa. Kavuka barabara jioni hii, mpole kabisa, kaomba kesho asubuhi aje atoe kopi mia mbili kwangu. Nimemwambia Ottilia ampokee vizuri, na asimsumbue na maswali. Aweke karatasi, abonyeze kitufe.