Picha Rasmi ya Bwana Hachimbi

Kwa mamlaka niliyopewa kama Chifu, naliarifu taifa kwamba lokesheni yetu, kwenye barabara ya kwenda Nuu, ndiyo ya kwanza nchini kumchora mwovu ambaye hayuko.

Ilikuwa mapema mwaka huu wa 1982. Mvua ilikuwa imebeba udongo wa vilima vyote, na kikundi cha mwethya, yaani cha kazi za pamoja, kilikuwa kinalegea katika kuchimba mitaro ya fanya-juu ya kuzuia mmomonyoko. Kamati ya Motisha, ambayo mwenyekiti wake ni mimi na katibu wake ni mimi, iligundua tatizo: wananchi walikosa mtu wa kumchukia. Tukambuni Bwana Hachimbi, mtu asiyewahi kushika jembe maishani mwake. Na ili asije akajificha kwetu, niliweka sheria kwamba yeyote atakayefanana na picha yake atachimba peke yake mwezi mzima, upande ule wa mawe.

Kazi nilimpa Kisilu, mchoraji wa vibao vya vinyozi.

"Chifu, mimi huchoranga mtu nikimuona," alisema. "Huyu ako wapi?"

"Hayuko popote."

"Sasa anasimamanga aje?"

Nikamwonyesha. Nilikunja uso, nikatanguliza tumbo, nikawanyooshea kifimbo akina mama waliokuwa wanachimba.

"Hapo hapo Chifu, usisonge!"

Sikusonga kwa siku tatu. Huo ndio uzalendo. Mke wangu Mutindi alipoiona picha alisema, "Woi," akarudi jikoni. Nilifurahi, maana mwovu lazima atishe.

Kwa kuwa haki ni haki, nilimpima kila mtu kwa rula na kumpa Cheti cha Kutofanana chenye muhuri. Syokau, mjane mwenye mbuzi sita, nilimpima pua mara mbili.

"Nikienda kwa mawe mwezi mzima, Chifu, mbuzi zangu atachunga nani?" aliuliza.

"Serikali haichungi mbuzi," nilimjibu. Jioni nikampa cheti, kwa huruma yangu.

Siku ya uzinduzi, Bwana DO, mkuu wangu wa tarafa, alifunua picha mbele ya baraza. Bwana DO aliitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha. Kisha akasoma sheria yangu kwa sauti.

"Kila mtu ainue cheti."

Vyeti mia nne na kumi vikapanda juu.

"Chako, Chifu?"

"Bwana DO, mimi ndiye mtoaji."

"Na wewe ulipimwa na nani?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda. Nilikunja uso, nikatanguliza tumbo, nikanyoosha kifimbo ili nilifafanue. Watu wakaangua kicheko ambacho sijakisikia tangu Uhuru.

Syokau alisimama polepole. "Rula ndiyo hii," alisema. "Lakini sioni kama itahitajika."

Ripoti hii imechelewa kwa sababu ya malengelenge. Leo ni siku ya kumi na tisa upande wa mawe. Udongo, nimegundua, hurushwa juu, na juu ni mbali. Naumia, na sioni aibu kusema hivyo.

Asubuhi hii Syokau alipita na mbuzi wake. Alinitazama kwa muda, jasho likinitiririka, jembe mkononi.

"Chifu," alisema, "saa hii haufanani na yeye hata kidogo."

Nilimwomba aniandikie hivyo kwenye karatasi. Akasema foleni ni ndefu, nirudi kesho.