Jino Lisilosikia Tupa

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wa machimbo amekuja karakanani. Meno ya mashine yao ya kuchimbia yanaisha kama sabuni. Anatafuta fundi wa kuyachomelea tabaka gumu juu. Kabla sijafungua mdomo, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kachomoza kutoka karakana yake ng'ambo ya barabara. Basi kila mmoja kapewa jino moja. Ijumaa yafungwe kwenye mashine, ionekane nani fundi. Shemeji kaagiza vijiti maalumu vya kuchomelea. Mimi siagizi kitu. Nina akili.

Jumanne, 5 Machi
Nimezoa gunia la vumbi wanakonoa zana za tangsteni, kitu kigumu kinachokata chuma. Nikalinyunyiza kwenye jino, nikachomelea. Likatema cheche, likatoboka kama sifongo. Kumbe nusu ni mchanga wa mawe ya kunolea. Shemeji alivuka kuja kuniuliza kama naoka mkate. 

Jumatano, 6 Machi
Nimelisafisha jino, naanza upya. Machimboni wametupa ncha chakavu za kutobolea miamba. Tangsteni hasa! Nimezivunjavunja, nikazipachika kwenye chuma kingali uji. Zimeshika. Mke wangu kasema niwe napima. Nimemwambia asinivuruge.

Ijumaa, 8 Machi
Jino la shemeji limeingia bila ubishi. Langu limegoma. Nimelinenepesha mpaka shina, pale linapofungwa. Nimejaribu kulipunguza kwa tupa, tupa imeteleza. Mawe matatu ya grenda yameisha, jino halina mkwaruzo. Mashine imesimama kwa muda wa saa mbili, wachimbaji wameketi wananitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Shemeji hakucheka. Kalichukua jino, kakata shina kwa gesi, kaunga jingine. Likaingia.

"Tabaka lako ni gumu kuliko langu, shemeji," kaniambia taratibu. "Ila mashine haiwezi kulivaa."

Msimamizi katugawia kazi sote wawili: mimi tabaka, yeye vipimo.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji kaleta meno kumi na mawili. Kila moja kalichora chaki: tabaka lisipite hapa. Nimeitazama mistari hiyo asubuhi nzima. Inanikera. Nani kanifanya mwanafunzi?

Nimetafuta kazi isiyo na chaki. Kisu cha jikoni cha mke wangu. Nimekitia tangsteni pande zote mbili, makali na yote. Hakitachakaa kamwe. Kukinoa tu ndiko kumenishinda. Anakiulizia tangu saa sita. Nimemwambia kimebaki kidogo.