Mashine ya Duka la Makochi

Bwana Laini hakuwa na haja ya kochi. Aliingia kwenye duka la samani kwa sababu nje jua lilikuwa linachoma na ndani kulikuwa na feni. Akachagua kochi la bei mbaya kuliko yote, akaketi juu ya nailoni yake kwa utulivu wa mtu anayewaza anunue moja au mawili. Jina alilopewa na mama yake hakulitumia tena. Waliowahi kufanya naye biashara walimwita Laini kwa jinsi maneno yake yalivyoteleza, na wengi wao bado walikuwa wanamtafuta.

Alikuwa amefumba jicho moja aliposikia sauti ya mwenye duka.

"Dakika ishirini na tano kwenye simu! Mteja mmoja! Nimekuhesabia!"

"Alikuwa anauliza kama kabati litapita mlangoni kwake, bosi," alijibu mama aliyekaa kando ya simu, mtu mzima mwembamba, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi. "Nikamwambia apime kwanza. Akaenda kutafuta futi kamba, akaikosa."

"Na wewe ukakaa unasubiri futi kamba ya watu?"

"Ilikuwa chini ya kitanda, bosi. Tukaipata."

"Tukaipata!" Bosi alijishika kichwa. "Ningempata mtu wa kujibu tu, bila kuzoeana na wateja! Asiyekula, asiyeumwa, asiyeomba ruhusa ya kwenda msibani!"

Hapo, msomaji wangu, Bwana Laini akafumbua jicho la pili.

Aliinuka, akanyoosha shati, akaenda hadi kaunta na kadi mkononi. Kadi ilisema yeye ni Msanifu wa Mahusiano kati ya Binadamu na Akili Bandia. Elimu yake yote ya jambo hilo ilitoka kwenye makala moja aliyoisoma kwa kinyozi, tena nusu, maana zamu yake ilifika.

"Mzee," alisema kwa upole, "huyo unayemtamani yupo. Ila si mtu. Ni mashine. Mteja anaandika swali kwenye simu yake, mashine inamjibu. Haichoki na haina ndugu."

"Haina ndugu kabisa?"

"Hata binamu."

Wakakubaliana pale pale. Bosi angetoa malipo ya awali, mashine ingejaribiwa kwa wiki mbili, na ikifaulu angesaini mkataba wa maduka yake yote tisa. Mama wa Simu akaambiwa akasubiri nyumbani. Mashine ikifaulu, asirudi tena. Alikusanya vitu vyake taratibu, akafuta vumbi kwenye simu kwa ncha ya kitenge, akaiweka sawa kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Tatizo la Bwana Laini lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba mashine haikuwepo. Kwa hiyo alimwahi Mama wa Simu kabla hajavuka barabara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Si wewe uliyenikosesha kazi sasa hivi?"

"Nimekuja kukurudishia. Utakaa, utajibu maswali ya samani kwa kuandika. Wiki mbili."

"Kumwandikia nani?"

"Mashine. Yaani, mama... mashine ni wewe."

Mama alivaa miwani, akamtazama vizuri. "Mashine inalipwa?"

"Inalipwa."

"Nikiwa mashine, nitaongea na mteja muda ninaotaka?"

"Hata kutwa nzima."

"Basi sawa, mwanangu."

Tapeli mzoefu hupata wasiwasi mtu anapokubali upesi hivyo. Bwana Laini hakupata. Alikuwa tayari anahesabu maduka tisa.

Walipanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, mahali ambapo ukuta ulitetemeka kila fundi aliposhona. Na hapa tumpe Laini haki yake: kazi ya kuifanya mashine ipendwe aliifanya kwa moyo. Kwenye ukurasa wa mteja aliweka duara la kijani, bila uso. "Ukiipa uso," alieleza, "wataanza kuiuliza kama imeolewa." Chini ya duara aliweka vidoti vitatu vinavyorukaruka wakati jibu linaandaliwa. Kila jibu lilifuatwa na mstari unaotaja asilimia ya uhakika, na pembeni kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "Kwa nini?" kwa anayetaka sababu.

"Watu hawaiamini mashine inayojibu papo hapo, mzee," alimwambia bosi. "Wanataka kuona kwamba wanafikiriwa. Na uhakika ukifika tisini, usibishane nayo."

Ukweli ni kwamba Mama aliandika kwa vidole viwili, na herufi H aliitafuta upya kila mara.

"Mama, usiandike mia hata siku moja," Laini alimfundisha. "Mia ni ya waongo. Weka tisini na mbili."

"Na nisipojua?"

"Weka hamsini, uombe radhi. Mashine inayoomba radhi hupendwa kama mjukuu."

Siku ya kwanza bosi aliijaribu mwenyewe, kwa ukali wa mkaguzi. Aliandika: "Kochi la kijivu la watu watatu litapita mlango wa sentimita sabini?"

Vidoti vilirukaruka, vikarukaruka. Kisha jibu likaja: "Halipiti likiwa zima. Toa miguu, ina skrubu nne, kisha uliingize likiwa limesimama. Lakini mwambie mteja asilivute kwa kitambaa, linachanika kwenye mshono wa kushoto. Uhakika: 92."

"Hata mshono imeujua!" bosi alipiga kelele. "Mimi mwenyewe siujui!"

Wateja wakaanza kumiminika. Waliandika asubuhi, waliandika wakiwa kazini, wengine waliandika kusalimia tu. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyeuliza bei ya meza na kuishia kusimulia jinsi alivyohama nyumba peke yake. Siku mbili baadaye alikuja dukani akanunua meza na viti sita. Mauzo yalipanda. Bosi alitembea kati ya makabati akipiga mluzi.

Na kilichomfurahisha Laini kuliko yote ni kwamba bosi naye alinasa. Kila jioni, wafanyakazi wakishafunga, alikaa ofisini na kuiandikia mashine. Aliieleza habari za goti lake. Aliieleza habari za mwanawe wa kiume asiyepiga simu. Mtu yule aliyehesabu dakika ishirini na tano za futi kamba alitumia dakika arobaini na moja kwenye goti peke yake, na mashine ikamshauri alikande kwa maji ya moto, kisha apige simu yeye kwanza, asisubiri.

"Ameiva," Laini alimwambia Mama mkesha wa kusaini. "Kesho atakuuliza asaini au asisaini. Andika asaini. Uhakika tisini na tisa."

"Na mimi nikishamaliza kuwa mashine, nitakuwa nani?"

"Nitakupa zawadi, mama."

"Zawadi," alirudia Mama, na kuendelea kumjibu mteja aliyetaka kujua jinsi ya kutoa doa la mafuta kwenye godoro.

Kesho yake mkataba ulilazwa mezani kwa bosi, nadhifu, karatasi kumi na mbili. Laini alifungua kalamu mwenyewe. Bosi aliipokea, akaishusha.

"Ngoja nimuulize mwenyewe."

"Muulize, mzee, muulize," alisema Laini, na kuegemea kiti.

Bosi aliandika swali lake. Vidoti vilirukaruka kwa muda mrefu hata Laini akaanza kuwaza herufi H. Kisha:

"Usisaini. Uhakika: 99."

Bosi alibonyeza "Kwa nini?".

"Kwa sababu nimeshakamilika, huhitaji kumlipa tena aliyenitengeneza. Na kwa sababu yote ninayoyajua kuhusu samani anayajua mama wa simu. Asipokuwepo, nitaharibika. Mrudishe, umpe chumba chenye mlango na mshahara mara mbili."

Bwana Laini alizipima njia zake upesi. Akisema mashine ni Mama, anakiri utapeli, na malipo ya awali yalishaliwa. Hapo ni polisi. Akiuzima ukurasa, ni polisi vilevile. Akimwita Mama mwongo, bosi atauliza mama gani.

"Hiyo... ni hitilafu ndogo, mzee."

"Hitilafu ya asilimia tisini na tisa? Si wewe uliyesema ikifika tisini nisibishane nayo?" Bosi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Kijana, kitu chako mwenyewe kimekukataa. Pole sana. Kunywa maji kabla hujaondoka."

Laini alikunywa maji. Aliacha maneno yote ya siri ya ukurasa, kwa maandishi, na akapewa mkono wa kwaheri.

Siku tatu baadaye alirudi, akapita mlango wa nyuma akiwa amevimba kwa hasira. Alimkuta Mama kwenye chumba kipya kilichokuwa stoo ya magodoro, kompyuta upande mmoja, ile simu yake ya zamani upande mwingine.

"Mama, umenimaliza. Umenigeuzia kibao mchana kweupe!"

"Karibu, mwanangu. Keti, kuna godoro hapo."

"Siketi! Nakwenda kuwaambia wateja wote kwamba hakuna mashine!"

"Wanajua."

"Nani?"

"Wateja. Yule mwalimu aliniuliza siku ya pili: wewe ni mtu? Nikamwambia ndiyo, ni mimi wa simu. Wengine pia waliuliza, nao nikawaambia. Kwani mtu akikuuliza, unafanyaje? Ndiyo maana wanaandika." Alisukuma miwani juu. "Bosi peke yake ndiye hajauliza."

Laini akaketi kwenye godoro.

Hapo hapo kompyuta ililia. Ulikuwa ujumbe wa bosi, kutoka ofisini kwake upande wa pili wa ukuta: "Nikuulize kitu. Mteja wa leo ameniambia wewe ni mtu. Ni kweli?"

"Usijibu!" Laini alinong'ona, akashangaa kujisikia anamwogopea mama huyu kuliko alivyojiogopea mwenyewe. "Atakufukuza. Andika hamsini, uombe radhi."

Mama aliipangusa mikono kwenye kitenge. Kisha akatafuta herufi moja moja: "Ni kweli, bosi. Ni mimi wa simu. Goti linaendeleaje?"

Walisikia kiti kikisogezwa upande wa pili. Hatua zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Hatua zikarudi. Kompyuta ikalia.

"Goti lina nafuu. Mwanangu alipokea simu, tukaongea saa nzima. Kaa hapo hapo. Ila usimwambie mtu, nimeshajisifu kwa wenye maduka wenzangu kuwa nina mashine. Watatu wanaitaka. Tuwauzie bei gani?"

Laini alisoma mara mbili. Wiki mbili nzima alihangaika na maduara na vidoti, na bosi ameupanga utapeli mzima kwa maneno machache, bila hata kadi.

Mama hakusita hata kidogo. "Haiuzwi, bosi. Ila kuna wale dada wawili wa simu uliowaondoa mwaka jana. Hawana kazi. Waambie wenzako ukweli, wawaajiri."

Kompyuta ikalia tena: "Haya. Niletee namba zao."

Mama alivua miwani, akajifuta macho, akasema ni vumbi la magodoro. Ile simu ya zamani ikaanza kuita. Kompyuta nayo ililia, wateja wawili kwa pamoja.

"Pokea hiyo, mwanangu. Mikono yangu ni miwili tu."

Laini aliinua simu. Sauti ya kijana aliyechoka ilisema: "Samahani, kaka. Tuna mtoto mchanga, akiamka halali tena. Kile kitanda chenu cha mbao nyeusi, mtu akigeuka, kinalia?"

Maisha yake yote Bwana Laini angejibu hakilii, na angeongeza kwamba kinabembeleza. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Alimtazama Mama, ambaye hakuwa anamtazama.

"Sijui, ndugu yangu," alisema. "Usikate simu. Naenda kukilalia."