Kuhusu Mwalimu wa Chekechea Aliyemharibu Fahali Wangu

Kwa Mwalimu Mkuu Wangila,

Mulembe. Naomba uisome barua hii ukiwa umeketi, maana si ya kusomwa wima. Mimi ni Mzee Andati, mwenyekiti wa wazazi katika shule yako, mzee wa kanisa, na mwenye yule fahali wa mchezo aitwaye Greda, ambaye hadi Jumamosi iliyopita hakuna mtu hapa Kakamega aliyehitaji kuelezwa ni nani. Mjukuu wangu Mitchel yuko chekechea, darasa la PP2, kwa Mwalimu Gentrix. Baba yake, mwanangu Elvis, anafanya kazi mjini na anaishi Shieywe, kwa hivyo mtoto huyo tunamlea mimi na mke wangu Pascalia. Yaani hasara yote inanishukia mimi.

Ijumaa hii halmashauri ya shule inakutana kuamua kama Mwalimu Gentrix ataongezewa mkataba au atafunga virago. Wajumbe wamegawanyika nusu kwa nusu, na kura yangu ndiyo itakayoamua. Ninakuandikia mapema ili usishtuke nitakapoinua mkono. Aende! Na sababu ninazo.

Simchukii yule dada. Ana heshima zake, na akinisalimia huwa anasubiri niitikie. Ubaya ni ufundishaji wake. Sisi tulisomeshwa kama watu: mwalimu anasema "a", nasi tunasema "a". Tukinyamaza tunachapwa, tukizidisha tunachapwa. Nimekuzwa hivyo na leo ni mwenyekiti. Mwalimu Gentrix yeye anashikilia kwamba mtoto haanzi na jibu, anaanza na swali. Eti achunguze. Amebandika karatasi ukutani inayowaambia watoto wa miaka mitano watazame kitu, wajiulize, wakisie, halafu wajaribu waone. Wajaribu! Watoto ambao hata kamba za viatu hawajui kufunga!

Haya sasa, malalamiko yangu ni haya.

1. Imondo. Wewe ni Mluhya mwenzangu, sihitaji kukueleza kwamba kuku, ingokho kwetu, akichinjwa, firigisi yake, yaani imondo, ni ya mwenye nyumba. Jumapili moja Mitchel aliuliza kwa nini imondo ni ya Kuka, babu yake, peke yake. Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyo. Akauliza Kukhu, nyanya yake, akiila atafanyika nini. Hapo ndipo nilipoteleza, Mwalimu Mkuu, kwa sababu nilisema ukweli: sijui, hakuna aliyewahi kujaribu.

Jumapili iliyofuata Pascalia, mama mzima wa kanisa, aliila imondo yangu mezani mbele yangu kwa ajili ya elimu. Mitchel alikaa karibu akimkagua kidevu kuona kama ndevu zitaota. Hazikuota. Akachora picha ya Kukhu akitabasamu na kuipeleka darasani. Nilidhani yamekwisha, kumbe Mwalimu Gentrix amewafundisha kwamba jaribio moja halitoshi, ni lazima lirudiwe. Basi Pascalia anarudia kila Jumapili, na kwa bidii ambayo sijawahi kuiona akiitumia kwenye palizi. Mimi siku hizi nakula shingo.

2. Meno. Darasa lilikuwa linachunguza vitu gani huelea na vipi huzama, na kila mtoto akaambiwa alete kitu kutoka nyumbani. Watoto wa watu walileta vizibo na vijiko. Mjukuu wangu alibeba meno yangu.

Nina meno ya kuvaa, Mwalimu Mkuu. Kabla ya siku hiyo jambo hilo lilijulikana na mke wangu, daktari na Mwenyezi Mungu. Sasa linajulikana na chekechea yote, kwa sababu yalizungushwa darasani, yakashikwa na kila mkono, watoto wakakisia kwa kura kwamba yataelea, yakatiwa karaini, yakazama. Nikipita njiani wale watoto wananiamkia "Shikamoo, Kuka", kwa adabu kabisa, lakini macho yao yote yako mdomoni mwangu. Mmoja aliuliza kama ninaweza kuyatoa tena ili waangalie na maziwa.

3. Neno la Bwana. Walipofika kwenye upimaji, mwalimu aliwaambia kwamba hata kitu kisichoshikika kinaweza kupimwa. Mitchel akaja kanisani na maharagwe mfukoni. Kila mara Mchungaji Lazarus aliposema "namalizia", mtoto alihamisha haragwe moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Baada ya ibada, tukisalimiana mlangoni, alimwonyesha mchungaji ule mfuko wa kushoto na kumuuliza kwa upole neno "namalizia" huwa linamaanisha nini.

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Na tangu siku hiyo mchungaji akisema anamalizia, anamaliza. Utasema hilo ni jema. Si jema! Tunafika nyumbani obusuma, ugali wetu, haijasongwa, tunakaa tunatazamana, na katika kutazamana huko ndimo Mitchel anamopata maswali mengine.

Nimejaribu kumrudi kwa hekima ya wazee. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akaniuliza ni guu gani, la kulia au la kushoto, na kama nimewahi kumwona mtu kama huyo.

4. Sasa tuje kwa Greda, na hapa naomba uvumilie.

Wewe si mtu wa mafahali, kwa hivyo nitaeleza. Fahali wa mchezo katika kijiji chetu halelewi kama ng'ombe wa maziwa. Anakaa peke yake katika kibanda chenye giza, haoni jua, haoni ng'ombe jike, haoni mtu ila mimi. Dawa yake naijua mimi. Mwanamke hakaribii, mtoto hakaribii. Baba yangu alifanya hivyo na majirani wote wanafanya hivyo. Siku ya mchezo anatolewa alfajiri kwenda kupigana na fahali mwenzake, ngoma za isikuti zinapigwa, vijana wanakimbia mbele yake wakiimba, naye anatoka akiuchukia ulimwengu mzima. Huyo ndiye fahali. Na mwenye fahali akipita sokoni, watu wanampisha. Hicho ndicho nilicho nacho, Mwalimu Mkuu. Shamba langu ni dogo na meno yangu umesikia habari zake. Lakini mimi ni mwenye Greda.

Muhula huu mwalimu alisomesha wanyama wa nyumbani. Kila mtoto achague mnyama, amtazame, amsikilize, amnuse, amguse, kisha achore alichogundua. Wengine walichagua paka na kuku. Mitchel akaja kwangu na swali: kwa nini Greda anakaa gizani? Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya wazee. Kwa mtoto wa Mwalimu Gentrix, jibu hilo ni kama kumwambia mlango uko wazi.

Kila jioni mimi nikiwa kwa wazee wenzangu, mjukuu wangu alikuwa kibandani. Nimeziona picha. Greda ana ulimi unaokwaruza. Greda ananuka kama nguo zilizolowa. Greda anaogopa kuku. Greda anapenda majani ya viazi vitamu, anapenda ule wimbo wa darasani wa kupanga vitabu, na zaidi ya yote anapenda kukunwa nyuma ya pembe. Mnyama niliyemlea kwa ghadhabu miaka yote hiyo, alikuwa akikunwa kila siku kabla ya chakula cha jioni!

Mimi sikujua. Jumamosi nilitoka na Greda kifua mbele, majani nimejifunga kichwani, isikuti zinanguruma, kijiji kizima nyuma yangu. Upande wa pili alikuwa Osiako, hasimu wangu tangu ujana, na fahali wake Kipindupindu, akichimba udongo na kuutupa mgongoni. Wazee walikuwa wakikumbushana kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Elvis alikuwa amemleta Mitchel na kumpandisha mabegani ili aone vizuri.

Mtoto akaona vizuri. Akamwona Greda, akafurahi, akaanza kuimba wimbo wa kupanga vitabu.

Greda alisimama. Akageuza masikio. Akampita Kipindupindu kama anayempita mtu asiyemfahamu, akaenda moja kwa moja hadi pale Elvis aliposimama. Watu walitawanyika, Elvis miguu ikakataa kukimbia, na Greda akainamisha kichwa apate kukunwa. Akakunwa. Isikuti zikanyamaza moja moja. Nami nikajiambia angalau sasa Kipindupindu atamvamia kutoka nyuma na tupate mchezo kidogo. Kipindupindu alikuja, ndiyo. Alikuja polepole, akanusa, akatazama kinachoendelea, kisha akainamisha kichwa kando ya Greda na kungoja zamu yake.

Osiako alilia, Mwalimu Mkuu. Mwanamume mzima, mwenye wake wawili. Mimi sikulia kwa sababu nilikuwa na majani machoni. Tangu siku hiyo hakuna anayenipisha sokoni, na kuna vijana fulani ambao nikipita wanainamisha vichwa nao wakunwe.

5. Sasa nazungumza kama mzalendo. Nimesikia kwamba muhula ujao mada ni viongozi wetu. Watoto watapelekwa katika ofisi za wadi, na kila mmoja atamchagua kiongozi mmoja, amtazame, amsikilize, na amuulize huwa anafanya kazi gani. Tafakari! Mheshimiwa yuko ofisini kwake, katulia, halafu anaingia Mitchel na maharagwe mfukoni. Ikiwa fahali wa kilo zile ameshindwa na mtoto huyu, mheshimiwa atatoboa wapi? Na baada ya viongozi itakuwa nini? Madaktari? Mashemeji? Nchi inasimama kwa sababu watu wengi hawaulizi, na wanaouliza huambiwa warudi kesho. Mwalimu Gentrix anazalisha kizazi kitakachorudi kweli hiyo kesho.

Kwa hivyo naomba: mwalimu huyu aondolewe, ikiwezekana aende Likuyani, ambako wana mahindi mengi ya kuhesabu na labda maswali yatapungua. Ile karatasi ya ukutani ibanduliwe. Watoto warudishiwe "a" yao. Kuhusu Greda, sidai fidia. Naomba tu, kama serikali ina mtaalamu, arudishiwe hasira zake.

Kura yangu unaijua. Wasalimie walimu wote, mpishi wa shule, bawabu, na mama watoto. Ukimwona Osiako mwambie namsalimu, ingawa hatusemezani. Hata Mwalimu Gentrix msalimie, maana salamu si kosa.

Wako katika uchungu na utumishi,
Mzee Andati,
Mwenyekiti wa Wazazi.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa ikufikie jana. Imechelewa kwa sababu Mitchel alinikuta nikiibandika, akaniuliza inahusu nini, nami siwezi kumdanganya mtoto. Nilimwambia mwalimu wake anaondoka kwa kosa la kumfanya aulize mambo ambayo wazee wanayajua. Hakulia. Ningependa sana angelia. Akasema basi nimwambie lile la Greda kukaa gizani, kwa kuwa ninalijua, ili aende akamwambie mwalimu na mwalimu asilazimike kuuliza tena.

Nilimwomba anisubiri, nikavaa koti, nikaenda kumuuliza Osiako sababu ya lile giza, mimi mwenyewe kwa miguu yangu. Osiako akasema yeye humfungia Kipindupindu gizani kwa sababu baba yake alifanya hivyo, na baba yake aliiga kwa mzee Ingosi. Tukaenda pamoja kwa mzee Ingosi, ambaye ndiye mkongwe wa wenye mafahali wote hapa. Mzee Ingosi akatushangaa. Akasema yeye aliiga kwa baba yangu.

Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya mchezo. Nikamwambia Pascalia kwamba baba yangu lazima alikuwa na sababu na amekufa nayo. Pascalia alikuwa akipepeta maharagwe, hata hakuinua uso. Akasema mama yangu alimsimulia zamani, yeye akiwa bi harusi mpya hapa: baba yangu alitaka kile kibanda kiwe na dirisha kubwa, lakini fundi aliondoka kwenda kwenye mazishi kwao Mayoni na hakurudi.

Nimelitoboa dirisha leo asubuhi kwa shoka, Mitchel akinielekeza. Ijumaa mhesabie Mwalimu Gentrix kura yangu, abaki, kwa sababu huenda nikachelewa: Osiako anakuja tutoboe na la kwake. Nilimuuliza Pascalia kwa nini alikaa na jambo hili miaka yote hii bila kunieleza. Akasema hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kumuuliza.